Tiara ya Fundi Rugaibula

Nakutegea, na usiharakishe kujibu. Nina ng'ombe wangu, nimemfunga kamba mbili. Nikivuta zote sawasawa, anasimama. Nikivuta moja, anacheza. Nikilegeza zote, anakufa. Lakini akishakufa, mtoto mdogo anamfuata kule alikoanguka, anamwinua, na ng'ombe anafufuka. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Sikudai mji wala kijiji. Kaa tu usikilize. Hata Ta Rugaibula, fundi cherehani wa Nyanga, mzee mwenye vitendawili vingi kuliko vifungo vilivyokuwa kwenye kopo lake, alishindwa siku alipoletewa ng'ombe huyo mwaka themanini na tisa. Yeye alidhani ni mwavuli.

Lakini kabla ya mwavuli lilikuja swali.

Matanga ya mwanawe Kristofa yalianuliwa siku ya Jumamosi. Mke wa Kristofa alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma, kwa ugonjwa uleule ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, kana kwamba wenyewe una masikio. Akabaki mtoto wao, Rozi, wa miaka tisa. Watu wa ukoo wakakaa juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sebuleni, na Petronila, binti wa Rugaibula aliyeolewa Muleba huko ziwani, akamwita mtoto katikati.

"Rozi mama, mbele ya watu wote hawa. Unakwenda na mimi, au unabaki na babu yako?"

Rozi akatazama vidole vya miguu yake kana kwamba anavihesabu kama vyote vipo.

"Sema, mama. Hakuna atakayekasirika."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akavuta lubisi, pombe ya ndizi, kwa mrija, kibuyu kikalia kama chura.

"Mwache mtoto," akasema Rugaibula. "Mtoto hafukuzwi na swali kama kuku wa kuchinjwa."

"Baba, na mimi nasema ukweli. Una miaka sitini na sita. Unashinda Miembeni unashona, unarudi umechoka, unapika ndizi zinaungua. Nani atamsuka huyu?"

"Nimeshona sare za nusu ya watoto wa mji huu. Nywele ndizo zitanishinda?"

"Hiyo mistari uliyomsuka jana, baba, imekwenda kama njia ya Biharamulo wakati wa mvua."

Watu wakacheka mpaka nyasi zikatikisika. Rugaibula naye akacheka, lakini mkono wake ukaenda wenyewe juu ya kichwa cha mjukuu wake, kuifunika ile mistari.

Wakaafikiana hivi: Petronila atarudi Jumapili ya tatu, bila kuhesabu ya kesho. Mtoto akiwa amejibu, litafuatwa jibu lake. Akiwa hajajibu, ataondoka na shangazi yake, kwa kuwa nyumba isiyo na mwanamke si ya kumwachia mtoto wa kike. Rugaibula alikubali mbele ya watu. Walipoondoka alikaa peke yake na lile sufuria la ndizi, akalikwangua, akalikwangua, weusi haukutoka.

*

Siku mbili baadaye parokiani waligawa vitu vya yatima vilivyotoka ng'ambo. Wengine walipata mablanketi, wengine sufuria, mmoja alipata kiatu cha mguu mmoja. Rozi alipewa kifurushi kirefu chembamba, akakibeba begani mpaka Miembeni, kwenye baraza la duka la Lukmani, ambako babu yake aliweka cherehani.

Rugaibula akakifungua. Kulikuwa na kitambaa laini chekundu na cheusi, fito nyepesi, na kamba mbili nyembamba, kila moja na kitanzi mwishoni.

"Mwavuli," akasema bila wasiwasi. "Mpini wake umepotea njiani."

Lukmani akaacha kupima sukari, akatoka nje kutazama. "Mwavuli gani una pembe tatu, fundi? Utafunika bega moja?"

"Wazungu wana mvua zao."

"Labda inawanyeshea upande."

Rugaibula akakipapasa kile kitambaa kwa dole gumba, kama afanyavyo fundi. Kitambaa kizuri, hakipitishi maji. Akachukua mkasi. Moyoni alishaona koti dogo la mvua, lenye mifuko miwili na kola. Rozi akaweka kiganja chake juu ya mkasi.

"Usikate, babu."

Tangu mazishi mtoto huyo alikuwa akijibu kwa kichwa tu. Rugaibula akauweka mkasi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Ndani ya kifurushi mlikuwa pia na karatasi yenye picha: mtu ameegemea nyuma, mikono mbele, anavutana na kitu. Rugaibula aliitazama kwa muda mrefu. "Huyu anatolewa kisimani?"

Lukmani akaigeuza karatasi, juu ikawa juu. Kisha akapiga kelele mpaka mteja wa sukari akashtuka. "Tiara! Wallahi ni tiara! Baba yangu alikuwa mtu wa Tanga, mimi nimerusha tiara kabla sijajua kusoma!"

"Mbona ina kamba mbili?"

Lukmani akafikiri kidogo tu. "Moja ya akiba."

*

Huku kwetu, kati ya kijiji na kijiji, kuna rweya, uwanda wa majani matupu ambako watu hukata nyasi za kuezekea na za kutandika. Upepo wa ziwani hupita hapo bila kubisha hodi. Ndipo walipokwenda jioni ile, babu na mjukuu, na Lukmani aliyefunga duka mapema ili asimamie.

Kamba ya akiba waliikunja, Rugaibula akaitia mfukoni. Rozi akaenda hatua thelathini, akainua tiara juu ya kichwa.

"Tayari?"

"Tayari!"

Akaiachia. Tiara iliruka kimo cha mtu, ikazunguka mara tatu kama kuku aliyekatwa kichwa, ikajipigiza chini.

"Ulivuta vibaya," akasema Lukmani.

"Nimevuta kama ulivyosema."

"Nilisema uvute kama mtu wa Tanga."

Mara ya nne Lukmani alikumbuka kwamba ana mgeni nyumbani. Mara ya saba Rozi alirudi mwenyewe, akachomoa kamba ya akiba kwenye mfuko wa babu yake bila kusema neno, akaifunga upande wa pili wa tiara, na kitanzi akamtia mkono wa kushoto.

Sasa yakaanza mengine. Rugaibula alivuta kamba zote mbili kwa nguvu, kama anayemtoa ng'ombe matopeni, akarudi kinyumenyume, akakaa juu ya kichuguu. Kesho yake, tiara ilipozunguka na kamba zikasokotana, naye akazunguka ili azisokotoe, akazunguka tena, mpaka hakujua ziwa liko upande gani. Keshokutwa yake ilielekea kushoto, yeye akaegemea kulia kwa mwili wote, kama abiria anayeogopa mtumbwi utapinduka, na tiara ikaendelea kwenda kushoto.

Wanawake waliopita na mizigo ya nyasi hawakumwacha.

"Ta Rugaibula, waitu! Unachunga nini?"

"Nachunga mbingu!"

"Mbona imelala?"

Kila ilipoanguka, Rozi alikwenda mbio kuiinua. Hatua thelathini si kidogo. Mara ishirini jioni moja, thelathini jioni nyingine. Mwanzoni alikimbia kama anayetumwa. Wiki ya pili alikimbia akicheka, na alipofika mwisho aliuliza kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "Tayari?" na mzee wa miaka sitini na sita, suruali imejaa vumbi la kichuguu, akajibu kama mwanafunzi, "Tayari!"

Lakini alikuwa bado hajarusha. Na siku zilikuwa zinakwisha.

*

Ni Rozi aliyeona. Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa kando ya cherehani, anaokota vipande vya nyuzi, macho yako kwenye mikono ya babu yake.

"Babu, mbona ukishona hukivuti kitambaa?"

"Ukikivuta sindano inavunjika. Unakiongoza tu. Mkono huu unasema twende, huu unasema polepole. Kitambaa chenyewe kinataka kwenda, wewe..."

Mguu ukasimama juu ya kanyagio. Wakatazamana. Shati la mwalimu mmoja wa Rwamishenye lilibaki chini ya sindano na mkono mmoja hadi Jumatatu.

Kule rweya Rugaibula alisimama, akapumua, akaushika upepo kama anavyoshika kitambaa cha bei. Mkono huu twende, huu polepole. Tiara ikapanda. Ikapanda tena. Ikasimama juu yao, nyekundu na nyeusi, inatetemeka kama kitu chenye damu.

"Babu, mguu wako!"

Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga majani, juu chini, juu chini, kama uko Miembeni.

"Uache! Ndio unaoleta upepo!"

Akavuta kidogo kulia. Tiara ikageuka, ikashuka kwa kasi sambamba na mteremko, kitambaa kikanguruma, vuuuuu, ikapita juu ya migomba ya Ma Penina, jirani yake, ikapanda tena. Rugaibula akaona raha. Akairudisha. Vuuuuu.

Kutoka migombani sauti ya mwanamke ikapasuka: "Mawe, mama yangu! Nduli karudi! Watoto, handakini! Nduli karudi!"

Kikafuata kishindo, halafu kitu kama mafenesi mengi yanayopondwa kwa pamoja.

*

Balozi wa nyumba kumi, Gamaliel, aliwasikiliza siku ileile uani kwake. Ma Penina alikuja bila kunawa, majani ya migomba shingoni, ndizi mbivu kwenye magoti na hata kwenye sikio.

"Nimeingia shimoni mzimamzima, Balozi! Ndizi zangu za pombe, nimezivundika siku ya tano leo!"

Lile shimo wakati wa vita ya Nduli, ndege zake zilipokuwa zikipita juu, lilikuwa handaki lake. Vita ilipokwisha aliona hasara kulifukia, akalifanya la kuvundikia ndizi. Mwili wake ulikuwa haujaambiwa habari za mabadiliko hayo.

"Ma Penina," akasema Balozi, akijitahidi mdomo usimcheze, "kwa nini hukutazama juu kwanza?"

"Mwaka sabini na nane, waliotazama juu kwanza wako wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Rugaibula alivua kofia. "Nimekukosea, Ma Penina. Nitakushonea gauni, na nitavundika ndizi nyingine kwa mikono yangu."

"Gauni liwe na marinda."

"Litakuwa na marinda."

"Hilo ni lenu," akasema Balozi. "Langu ni hili. Umetoka matangani juzi, mzee mwenzangu, na leo unakimbiza wanawake kwa midege. Petronila anakuja baada ya siku nane kumchukua huyu mtoto. Atakapouliza kama ninyi wawili mna mlezi, nimwambie nini? Hicho kitu kitalala kwangu mpaka Jumapili hiyo. Mbele yake mtanionyesha ni cha nini."

Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani Rugaibula alijaribu kumtegea mtoto kitendawili, cha yai, kile kisicho na mlango. Rozi alitangulia mbele. Walipofika kwenye mibuni yao akasimama.

"Babu, na mimi nikuulize. Nikimtaja mtu, anakufa?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Mama alipokuwa anaumwa waliniuliza nitakaa na nani. Nikasema baba."

Rugaibula akachuchumaa mbele yake. Angeweza kumwambia hapana, si hivyo. Lakini aliona jinsi mtoto alivyobana midomo, kama aliyeshikilia pini za fundi mdomoni na anaogopa kumeza. Angemwomba ataje jina lake siku ile mbele ya watu, angekuwa anamwomba ajaribu kumuua.

"Basi usinitaje," akasema.

"Na shangazi akiniuliza?"

"Usinitaje. Twende tukapike, tuunguze."

Aliyasema hayo akijua vizuri alichokuwa anakitoa.

*

Jumapili ya tatu Petronila alishuka kwenye basi la Muleba na kapu la samaki wakavu, pamoja na begi jipya la buluu lenye zipu mbili. Alikuwa ameshasikia.

"Baba, shikamoo. Ni kweli ulimshambulia Ma Penina kwa ndege?"

"Marahaba. Ilikuwa moja tu."

"Begi hili ni la Rozi. Basi linarudi saa tisa." Aliliweka juu ya kiti, katikati ya chumba, na Rozi akalizunguka kila alipopita, kama mbwa asiyemjua mgeni.

Wakaenda rweya wote. Balozi Gamaliel aliibeba tiara mwenyewe, mikono miwili, kama anabeba ushahidi. Ma Penina alikuja na gauni la marinda. Lukmani alifika na kanzu ya Idi, anamweleza kila mtu kwamba huyu mzee ni yeye aliyemfundisha.

"Kazi ya kitu hiki ni nini, Ta Rugaibula?" akauliza Balozi.

"Ma Penina ndiye aanze," akasema Rugaibula. "Kilimtisha yeye."

"Leteni," akasema Ma Penina. "Na mimi nikitishe."

Akavaa vitanzi, Rugaibula akisimama nyuma yake. "Usivute, mama. Ongoza." Kule mbali Rozi akainua. Tayari? Tayari! Tiara ikaruka, Ma Penina akapiga kigelegele, akavuta kulia kwa nguvu zake zote, na tiara ikakata kona, ikaja, vuuuuu, moja kwa moja kwenye kichwa cha serikali. Balozi Gamaliel alijitupa chini, uso kwenye majani, mikono kisogoni, kama alivyofundishwa mgambo.

"Balozi!" akasema Ma Penina. "Kwa nini hukutazama juu kwanza?"

Watu walicheka hata walioshika tumbo wakaomba wasamehewe. Petronila naye alicheka, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akaendelea kuyafuta kicheko kilipokuwa kimeshakwisha. Kristofa ndiye aliyezoea kumchekesha hivyo.

Rugaibula akashika kamba. Aliirusha vizuri siku hiyo. Aliipeleka kushoto, akaipeleka kulia, akaizungusha bila yeye kuzunguka, mguu wake ukikanyaga, juu chini. Ilipita chini karibu na majani mpaka yakalala, ikapanda tena. Rozi alisimama kule mbali, kichwa nyuma, mdomo wazi.

"Sasa itue," akasema Petronila polepole. "Saa nane na nusu, baba."

Hicho ndicho alichokuwa hajakiweza hata siku moja. Akailegeza kidogo, akailegeza zaidi, na tiara ikachungulia chini, ikaja kichwakichwa, pu! fito zikaingia ardhini.

Rozi akaanza kukimbia kuifuata. Petronila akamtazama anavyokimbia, akamgeukia baba yake. "Amecheka. Sikatai, nimeona. Lakini hajajibu, na tulikubaliana. Nimwite nimuulize tena?"

"Usimuulize."

"Baba, nisipomuuliza nitamchukua."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

"Linamuumiza hilo swali. Mchukue. Umsuke vizuri."

Akavua kitanzi cha kulia. Akavua cha kushoto. Akaviweka kwenye majani, akainama, akaanza kukunja kamba kwenye kiganja kama akunjavyo uzi uliobaki.

Hatua thelathini kutoka hapo, Rozi alikuwa ameshaing'oa tiara ardhini, amepangusa udongo, ameiinua juu ya kichwa.

"Tayari?"

Rugaibula aliendelea kukunja.

"Babu! Tayari?"

Petronila ndiye aliyetaka kumwambia, akapiga hatua moja mbele, begi la buluu mkononi. Rozi akaliona begi. Akamwona babu yake ameinama, mguu wake wa kulia umetulia chini kama wa mtu mwingine. Akaishusha tiara mpaka kifuani. Midomo ikabana kama siku ile ya kwenye mibuni. Halafu ikafunguka, na sauti yake ikaja na upepo, nyika nzima ikasikia.

"Shangazi! Begi niachie, nitakuja nalo likizo! Sasa hivi nakaa na huyo hapo, ambaye bado hajajua kutua!"